`when Ndizi` ilivyotaka kuwanyima wakwe zetu rubisi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Hii sitii chumvi, aibu yenyewe ilitosha.

Dada yangu Koku ni developer, anaandika programu kwa lugha ya Ruby. Alipokaribia kuolewa, mzee wetu akasema wakwe wakitoka Nkwenda hawatanyweshwa bia ya dukani. Rubisi, pombe yetu ya ndizi ya nyumbani, basi.

Huku Karagwe ndugu huchangia harusi kwa mikungu. Matoke yanapikwa. Mbire, zile ndizi chungu za pombe, zinavundikwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, ndipo zikamuliwe.

Koku akatengeneza kaprogramu. Unaandika umeleta ndizi gani, SMS inakujibu ushushe wapi: jikoni kwa shangazi kule Kayanga, au kwa mzee kule Rugu kwenye pombe.

Mbire zangu zikaambiwa jikoni. Nikapakia bodaboda. Mimi nani nibishane na bibi harusi?

Shangazi kuona lundo, ndugu wote wameleta mbire kwake: "Nyie! Nimpikie mkwe mbire? Mnataka watukimbie?"

Kule Rugu shimo la kuvundikia tupu, na siku zinakwisha. Mzee kakaa ukingoni mwa shimo, anachungulia tu. Wanaomjua wanajua bora angefoka. Koku akalia kweli kweli.

Tukafungua laptop. Kumbe kwenye `case`, pale programu inapochambua mizigo, `when Ndizi` iko juu, `when Mbire` chini, na Mbire imerithi kutoka Ndizi, yaani ni mtoto wake.

Wakuu, `case` haichagui class, yaani aina, inayofaa zaidi. Inashuka kutoka juu ikiuliza kila class, "Huyu ni wako?" Ya kwanza kusema ndiyo inaondoka naye. Mbire nayo ni Ndizi, kwa hiyo zote jikoni.

Mimi mjuaji nikashauri aandike `case mzigo.class`. Balaa! Mizigo yote ikaangukia `else`, kapu la visivyojulikana, maana sasa anauliza kuhusu class yenyewe, siyo mzigo. Nikafukuzwa chumbani.

Akapandisha Mbire juu ya Ndizi, ikakubali. Tukahamishia mikungu Rugu siku hiyohiyo, mzee akavundika kwa mikono yake.

Somo: class ya mtoto ianze, ya mzazi ifuate. Wa Java, kwenu compiler inawakemea mapema au mnaumbuka kama sisi? Tiririkeni hapo chini.

Na rubisi? Siku ya harusi mkwe mkubwa akaonja, akatazama ndani ya kibuyu. Mzee wangu kakamata kiti. Kisha mkwe akasogeza kibuyu: "Ongeza."

Mzee akasimama mbele ya watu wote. "Hii kaiokoa binti yangu," akasema, na machozi yakamtoka. Sijawahi kumwona akilia, wakuu.