Kesi Tuliyoimaliza Wenyewe

Polisi wawili walipoingia katika shule ya chekechea pale Tensta, Veneranda alikuwa amepiga magoti akimvalisha mtoto buti za theluji, na wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kuna mzazi amepatwa na jambo. Hakuwa na sababu ya kuwaza vingine. Katika miaka yote aliyoishi Stockholm hakuwahi hata kupanda treni bila tiketi, na kuna watu tunaowafahamu ambao hawawezi kujisifu hivyo. Kwa hiyo yule polisi wa kike alipolitaja jina lake, pamoja na jina la baba yake aliyezikwa Bukoba, tena akalitamka vibaya mno, Veneranda aliinuka na buti moja mkononi.

"Ni mimi. Kuna nini?"

Polisi alieleza kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha zaidi. Mahakama ilimwita kuwa shahidi, hakwenda. Kesi ikaahirishwa kwa sababu yake. Sasa hakimu ametoa amri kwamba Alhamisi, itakaposikilizwa tena, polisi wamfuate popote alipo na kumfikisha mahakamani. Wao wamepita tu kujua asubuhi hiyo watampata wapi, nyumbani au hapa kazini.

"Lakini ile kesi ilikwisha," Veneranda alisema. "Tuliimaliza wenyewe."

Polisi wakatazamana. Mtoto akawa anadai buti lake la pili.

Walipoondoka, wenzake kazini hawakumuuliza kitu, maana Waswidi wana adabu ya kutouliza ambayo humwacha mtu akiteseka peke yake. Alikoroga uji wa watoto mpaka ukashika chini. Amri ya hakimu! Juu yake yeye! Mwizi wa baiskeli hafuatwi na watu wawili, itakuwaje afuatwe mama wa kanisani?

Kesi yenyewe ilihusu sherehe ya kipaimara katika ukumbi mmoja wa Rinkeby. Method, dereva wa basi, Mtanzania mwenzake, alitaka wimbo fulani upigwe familia yake ikiingia. Aliyesimamia spika alikuwa Urbain, kinyozi, Mkongo wa Bukavu, mtu wa maneno machache. Wimbo ukachelewa. Method akaenda kumgombeza, Urbain akamwambia angoje kidogo, na Method, ambaye kungoja hakujaumbwa kwa ajili yake, akamsukuma kuelekea stoo na kuubamiza mlango. Mkono wa Urbain ulikuwa bado kwenye fremu. Veneranda alikuwa anatoka jikoni na jagi la juisi. Aliona yote, tangu neno la kwanza hadi mlango, na polisi walipofika wakamjia yeye, akawaeleza alichokiona, wakaandika jina lake.

Baada ya hapo jumuiya ilifanya kama inavyofanya siku zote. Gervas, mwenyekiti wao, aliwaita watu nyumbani kwake Hässelby. Veneranda akapika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika kila ugomvi, na niseme ukweli, alikuwa anajivunia: ndizi na nyama, sinia moja kubwa, waliogombana wanakaa magoti yakigusana na wanakula kwa mkono kutoka sinia hilo hilo mbele ya watu. Wakishanawa, neno limekwisha. Atakayelifufua ndiye mkosaji mpya. Amewapatanisha hivyo mume na mke, wakwe na wakwe, na kwaya mbili ambazo zilikuwa hazisalimiani. Method na Urbain walikula, Urbain kwa mkono wake mzima, watu wakapiga vigelegele, Gervas akasali sala ndefu kuliko chakula chenyewe.

Kwa hiyo wito wa mahakama ulipomfikia, aliusaini kwamba ameupokea, kisha akauweka pembeni kama mtu anavyoweka kadi ya harusi iliyovunjika. Aliwahurumia hata watu wa mahakama. Aliona kwamba hakuna aliyewapa habari.

Jioni hiyo alimpigia Gervas.

"Shikamoo, kaka. Polisi wamekuja kazini kwangu."

"Marahaba, dada. Wametaka nini tena hao?"

Alimweleza. Gervas alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Waambie tulishakaa. Watu walikula, wakashikana mikono. Hakimu gani huyo anachukia amani?"

"Na wasiponielewa?"

Gervas alishusha sauti. "Basi sema hukumbuki. Ni zamani. Method ana watoto, dada, na akipatikana na hatia huenda hata basi wasimpe tena. Ukisema, sinia lako lenyewe utalipindua wewe. Nani atakuja kula kwako tena?"

Veneranda alikata simu akiwa amevurugika zaidi ya alivyokuwa. Alimgeukia binti yake Tiana, aliyekuwa anasoma mezani, akamuuliza, watu wakishapatana, mahakama inataka nini tena?

"*Det är inte samma sak, mamma*," Tiana alijibu bila kuinua kichwa. Si kitu kimoja, mama. Hakueleza zaidi. Watoto wetu wakishasema jambo kwa Kiswidi huwa wanaona wamekwisha kulieleza.

Kesho yake, saa ya mapumziko, alijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo, katikati ya ovaroli ndogo zilizolowa, akapiga simu mahakamani. Alipitishwa kwa huyu na yule mpaka akampata karani aliyejitambulisha kuwa Lina. Veneranda alikuwa amejiandaa kufokewa. Lina hakufoka. Alitafuta kesi, akaipata, akasema ndiyo, amri ipo.

"Nataka iondolewe," Veneranda alisema. "Mimi si mhalifu."

"Hakuna anayesema wewe ni mhalifu. Wewe ni shahidi ambaye hukuja. Ukiahidi kuja mwenyewe nitamwambia hakimu, na inawezekana akaifuta."

"Lakini walishapatana! Tuliwapatanisha mimi na wazee."

"Anayeshitaki ni mwendesha mashtaka," Lina alisema taratibu, kama mtu aliyelisema mara nyingi. "Hata aliyeumizwa akisamehe, kesi inaendelea."

"Sasa mnamgombeza nani, na kwa niaba ya nani?"

Upande wa pili vilisikika vidole kwenye kibodi. "Hilo siwezi kukujibu mimi," Lina alisema. "Utakuja?"

Aliahidi, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwazuia polisi wasirudi mbele ya watoto. Baadaye Lina alimpigia: hakimu amefuta amri, aje Alhamisi na kitambulisho. Veneranda alimshukuru mno, kisha akakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, asijue anashukuru nini. Amri imeondoka lakini shida imebaki pale pale. Akisema aliona, anamwangusha Method na kuivunja amani aliyoipika kwa mikono yake. Akisema hakumbuki, anadanganya baada ya kuapa. Na hapo hapo alikuwa na hasira na Urbain. Kwa nini yeye hakuwaambia polisi waache? Si alikula?

Alhamisi alipanda treni ya bluu mpaka mjini, akavua mkanda mlangoni pa mahakama, akakaguliwa, akapanda ngazi. Nje ya chumba cha kesi kulikuwa na mabenchi mawili. Kwenye moja aliketi Method na wakili wake, Gervas pembeni, na watu wengine wa jumuiya waliokuja kumtia moyo, wote amewahi kuwapikia. Gervas akasogea kumpa nafasi. Kwenye benchi la pili aliketi Urbain, peke yake.

Veneranda alisimama katikati. Hakuwahi kuona jambo hilo, kwamba watu wote wako upande mmoja. Nyumbani kwa Gervas je, ilikuwa vipi? Alijaribu kukumbuka nani alikaa nyuma ya Urbain siku ile, na hakumpata mtu.

Urbain alikuwa anajaribu kufungua vifungo vya koti. Mkono wa kulia ulikuwa umepona kwa kuutazama tu. Vidole viwili havikukunjika. Veneranda alienda akaketi karibu naye. Nyuma yake alisikia Gervas akikohoa.

"Pole na mkono," alisema. "Kazi unafanya?"

"Mashine inaniponyoka, Maman Vene. Naosha vichwa tu. Wanaonyoa ni wengine."

Hakujua hilo. Angejuaje, hakuwahi kuuliza. Akasema kile kilichokuwa kinamkera tangu polisi wafike. "Urbain, mbona tulishayamaliza? Kwa nini hukuwaambia waache? Na nani aliwaelekeza polisi kwangu usiku ule?"

"Ni mimi." Alisema bila ukali wowote. "Usiku ule polisi waliniuliza nani aliona, nikawaonyesha weye. Nilijua hautasema uongo. Na siku ya kwanza ya kesi nilikungojea hapa. Kila mlango ukifunguka ninasema ni Maman Vene. Mpaka wakatuambia turudi kwetu."

"Lakini ulikula."

"Nilikula, ndiyo. Chakula kilikuwa kimepikwa. Watu walikuwa wamejaa nyumba, wanaimba. Kama ningekataa, ningekuwa mutu gani?" Aliacha vifungo vyake. "Hakuna mutu aliniuliza kama nimesamehe. Hata weye, Maman. *Pardon*, lakini hata weye."

Veneranda alitaka kusema kitu, na maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yale yale ya siku ya sinia. Alisikia aibu, aibu kali kabisa, iliyompanda mpaka masikioni. Alinyoosha mikono, akamfungulia vifungo vya koti kama anavyowafungulia watoto wa chekechea, na Urbain akamwacha afanye.

Waliitwa. Yeye kama shahidi alibaki nje mpaka zamu yake ilipofika, kisha akasimama mbele ya hakimu akarudia maneno ya kiapo kama hakimu alivyoyasoma, kwa heshima yake na dhamiri yake, kwamba atasema ukweli wote na hataficha kitu. Mwendesha mashtaka alimwomba aeleze. Akaeleza: wimbo, maneno, msukumo, mlango, mkono uliokuwa kwenye fremu, na kwamba Method aliuona mkono huo kabla ya kubamiza mlango. Hakumtazama Method. Kwenye viti vya wasikilizaji mtu alivuta pumzi kwa nguvu, na alijua ni Gervas bila kugeuka.

Kisha wakili wa Method aliinua mkono kidogo. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri.

"Bi Veneranda, nimeambiwa kuna kikao kilifanyika kufuatana na mila zenu. Wewe mwenyewe ulikiandalia chakula. Kwa hiyo unaweza kuithibitishia mahakama kwamba watu hawa wawili walipatana?"

 Veneranda alimtazama Urbain, aliyekuwa ameinamisha kichwa, mkono umelala mezani kama kitu cha mtu mwingine. Jibu la ndiyo alilibeba miaka mingi, alilipika, alilisifia, na sasa hakuliona popote.

"Sisi wengine tulipatana," alisema. "Yeye tulimnyamazisha."