Nyumba ya Jua ya Mushaki

Mlango wangu umekataa tena kufunga. Niliununua umenyooka, unang'aa vanishi, na hata msimu wa mvua haujaisha umejipinda kama mtu mwenye maumivu ya kiuno. Juu unagonga fremu, chini paka wa jirani anapita bila kuinama. Nikamfuata fundi wa Goma aliyeniuzia, na hasira zangu zote. Maneno nilikuwa nimeyapanga njiani, ndugu yangu, na mengine hayafai kuandikwa. Nikamwambia usoni kwamba aliniuzia mti mbichi. Hakukana, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alipuliza vumbi kwenye randa yake, kisha akasema, "Mama, unasema kweli. Lakini mbao ya kukauka, nitaikausha wapi? Na nikiikausha, itabakia ya nani?"

Jawabu lake nililijua tangu utotoni.

Nilikulia Mushaki. Ukipita kwenye barabara ya Masisi utaona ng'ombe, maharagwe na mama wanaouza viazi, halafu ukungu unashuka na huoni kitu tena. Nguo iliyofuliwa Jumatatu tuliivaa Ijumaa ikiwa bado na ubaridi kwapani. Shule yetu ilikuwa na kuta za mbao na ubao mweusi, lakini madawati hayakuwapo. Kila mtoto alibeba kigoda chake kutoka nyumbani, kichwani, asubuhi na jioni, na tuliandika juu ya magoti. Mwalimu wetu, mama mrefu ambaye sikuwahi kumwona bila sweta, alikuwa akishika daftari langu na kusema, "Ona, maandiko yako iko inapanda mulima." Niliona aibu. Nilidhani nikipata dawati hata hesabu zitanyooka.

Basi wazazi wakakubaliana kufanya salongo, ile kazi ya pamoja isiyo na mshahara. Wanaume waliangusha miti ya sipresi nyuma ya kanisa na kuipasua papo hapo, mmoja juu ya jukwaa, mwingine chini, msumeno katikati yao ukienda na kurudi. Yule wa chini alikula unga wa mbao mchana kutwa na bado aliimba. Harufu ile tamu ilituganda kwenye nywele. Kisha sisi watoto tulipewa kila mmoja ubao wake aubebe mpaka uani kwetu, kwa kuwa Papa, baba yangu, ndiye aliyekuwa fundi wa kijiji. Wangu ulikuwa na fundo kama jicho la ng'ombe. Ulikuwa mzito, na maji yake yalinilowanisha bega.

Watu walitaka madawati wiki hiyohiyo. Papa alikataa. Alizaliwa Kibua, kule kwenye msitu wa Walikale, na alikuwa amekaa na miti zaidi kuliko alivyokaa na watu, ndivyo mama alivyomlalamikia. "Nikipiga misumari leo," aliwaambia, "Noeli itakuta watoto banaikaa juu ya matao." Wakanung'unika, lakini wakamwachia.

Wazo la nyumba ya jua alilipata kwenye gari la padri. Lilikuwa limeegeshwa juani, vioo vimefungwa, naye alipoufungua mlango ampatie padri mzigo wake, joto lilimpiga usoni. Alisimama pale mkono ukiwa ndani ya gari mpaka padri akamwuliza kama ni mgonjwa. Siku zilizofuata alijenga kibanda cha miti ya mikaratusi, akakifunika plastiki ile inayopitisha mwanga, na juu ya mbao akaweka mabati aliyoyapaka masizi ya sufuria na mafuta machafu ya gari ili yavute joto. Chini aliacha matundu ya hewa kuingia, na juu matundu ya kutokea. Mbao zilipangwa moja juu ya nyingine, katikati vijiti ili zipumue, na juu kabisa mawe mazito ili zisithubutu kujipinda.

Kufungua matundu asubuhi ilikuwa kazi yangu. Plastiki ilikuwa inatiririka maji kwa ndani, nami nilishangaa mti unaweza kuficha maji mengi hivyo. Humo ndani kulikuwa na joto ambalo Mushaki haijawahi kuliona. Na habari ya joto, kwetu, haijifichi.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu, mama mwenye ng'ombe, aliyeingiza nepi za mjukuu wake kimyakimya. Akafuata mwingine na maharagwe, mwingine na mihogo iliyolowa, na shemasi akaleta kanzu yake. Kila mmoja alidhani yuko peke yake. Papa alishindwa kuelewa kwa nini mbao zake, badala ya kukauka, zinaota ukungu, mpaka alipoingia akakutana na nepi usoni.

"Hii nyumba iko ya mbao!" alifoka hadi barabarani. "Haiko ya manepi! Maji ya nguo yenu njo iko inarudia mu mbao!"

"Papa fundi, usikasirike," jirani alimjibu bila haraka. "Jua iko ya Mungu. Nepi ngapi inaweza kumaliza jua?"

Tulicheka hadi machozi. Kesho yake jirani alileta kibuyu cha mashanza, maziwa yake ya kuganda, na Papa akaahidi kwamba mbao zikitoka, maharagwe yataingia. Lakini watoto kwanza.

Alitufundisha kupima. Ubao mbichi ukiuweka shavuni ni baridi, hata jua likiwaka. Ukiugonga unajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Uliokauka unalia, kang! Tulipita tukigonga kila kitu, hata mlango wa kanisa. Siku ubao wangu ulipolia, nilikimbia kumwita mwalimu aje asikie.

Papa alisema Jumatatu ataanza kukata. Jumamosi wakaja watu wenye bunduki. Sitakwambia walikuwa wa upande gani. Siku hizo tulibadilishiwa majina yao kila msimu, na bunduki ilikuwa ileile. Tulikimbilia Sake na tulichoweza kubeba. Mimi nilibeba kigoda changu. Mama alinigombeza, kwa nini kigoda na si sufuria.

Tuliporudi, plastiki ilikuwa imekwenda kuezeka vibanda vyao. Mbao zilikuwa majivu, uani kwetu, kwenye mafiga ya mawe yaleyale tuliyokuwa tumezikandamizia. Na kando ya majivu, ndugu yangu, lilikuwa rundo la magogo mabichi ya sipresi, hawakuyagusa. Mabichi yana moshi, yanachoma macho. Walipika kwa madawati yetu kwa sababu Papa alikuwa ameyakausha vizuri.

Kilibaki kipande kimoja, chenye fundo. Papa alikiokota, akakigonga kwa kidole. Kang.

"Ilikuwa imeisha kukauka," alisema. Hakujenga tena nyumba ya jua. Walipomwomba kazi aligonga misumari kwenye mti mbichi kama mafundi wengine, na kazi yake ikajipinda kama ya wengine, na hakuna aliyemlaumu.

Naona hasira hata sasa ninapoandika. Nasikia wageni wakisema watu wetu hawana subira, wanauza mti ukiwa bado unatoa maji, hawajui kazi. Hawajui? Tulijua! Alijua Papa, nilijua mimi nikiwa sijaota meno yote. Ila kukausha mbao ni kungoja, na kungoja kunataka uwe na hakika kwamba mwezi ujao uani kwako patakuwa bado kwako. Hakika hiyo ndiyo waliyoichoma, na mpaka leo hakuna aliyekuja hata kuomba radhi.

Juzi nilipita Mushaki. Ilipokuwa nyumba ya jua wamepanda viazi, na mwalimu yule alishazikwa. Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule. Waliteremka barabarani katika ukungu, wakipiga kelele, wakisukumana, na kila mmoja alikuwa na kigoda chake kichwani.