Masufuria Yalipokwenda Msibani

Kabla hujaenda kufungua duka lako, mwanangu, nikwambie: sijaisahau asubuhi ile tuliyokuwa tupike pilau ya vibarua wa bandarini Kipevu. Nilikuwa msichana, nikikaa Changamwe kwa khalati yangu, dada wa mamangu, mjane. Msimamizi wa vibarua alitupa siku moja ya majaribio: chakula kikifika adhuhuri, kazi yetu, kikichelewa, anatafuta mwengine. Hatukuwa na tegemeo jengine.

Kuni ndiyo kwanza zashika, tukapata habari kuwa mzee wa nyumba ya pili amefariki. Khalati akasema innalillahi, akaanza kuteremsha masufuria makubwa. Hayo ndiyo makubwa pekee yaliyokuwa mtaani, na msiba ukitokea huenda kwa wafiwa. Ndiyo ada yetu.

Wallahi nilipandwa na hasira. "Khalati, mila hizi zitatuacha maskini! Wenzetu waendelea, sisi twazika!"

"Wewe wafikiri pilau hii ungeipika peke yako?" akaniuliza, wala hakupaza sauti. "Chambua mchele. Mimi naenda kuwapa wafiwa mkono wa pole."

Nilichambua huku nalia. Mara naona wanawake waingia uani, kila mmoja na sufuria lake la nyumbani. Kumbe kule msibani wamemuuliza khalati mbona hatulii, akawaeleza habari ya pilau. Maziko yalikuwa alasiri. Binti wa marehemu mwenyewe ndiye aliyewaambia, "Nendeni mumsaidie, sisi tuko wengi." Wakagawana mchele na nyama, wakaenda kupika makwao.

Pilau ilifika Kipevu kabla ya adhana ya adhuhuri. Nyengine nyeupe, nyengine nyeusi kama imeunguzwa makusudi! Vibarua wakala, wakaomba ukoko. Msimamizi akasema, "Kesho tena." Niliketi pale pale chini, nikashusha pumzi. Alhamdulillahi! Kazi ile ilitulisha miaka, na wanawake wale wakawa wapishi wenzetu.

Juzi mjukuu wangu, msomi wa uchumi, aliniambia mila zairudisha nchi nyuma. Nikamwambia anywe chai kwanza. Sisemi kila ada ni njema. Hii ya kusema "inshallah" na moyoni hutaki kuja, hiyo yaua biashara, iacheni! Lakini nchi ambayo watu wake waaminiana, mmoja akikwama wenziwe wakashika mwiko, hiyo hukua. Basi ukifungua duka lako, usione haya kulifunga ukazike.

Nenda, mwanangu. Mola akupe riziki ya halali, na majirani wa kuipika pamoja nawe.