Komeo la Bafuni

Seremala huyu hakuwa mtu wa kutulia. Wenzake wa karakana walimwita Nyigu, kwa kuwa tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumwona akimalizia kikombe cha chai pale alipokianzia. Hata msibani alikuwa mtu wa kuinuka kitini kwenda kukaza bawaba ya mlango unaolia. Kwa hiyo baridi yabisi ilipomwingia mkewe kwenye vidole, aliyeumwa alikuwa mke, lakini aliyekosa raha alikuwa yeye.

Mkewe alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na mtaa mzima, mumewe akiwemo, ulimwita Mwalimu. Ugonjwa ulianza kwa chaki kumponyoka. Mwaka mmoja baada ya kustaafu, viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, na kila asubuhi ilimbidi avilaze kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka vikubali kukunjika. Daktari alimpa dawa. Mtaalamu wa viungo akamfundisha mazoezi, akampa bendeji ngumu ya kushikilia kifundo cha mkono, kisha akasema kwamba kitu kinene hushikika kwa urahisi kuliko chembamba. Neno hilo la mwisho ndilo Nyigu alilotoka nalo hospitalini. Mengine yalimwingia sikio hili yakatokea la pili.

Alianza siku ile ile. Kijiko, kisu, mswaki, kitana na kalamu, vyote vikavalishwa mipini ya mbao iliyozungushiwa mpira wa baiskeli. Mabomba ya kuzungusha akayang'oa, akaweka ya mkono mrefu unaosukumwa kwa kiwiko. Ukutani jikoni akapigilia vipande viwili vya mbao vilivyokutana upande mmoja kama herufi V, vyenye msasa kwa ndani, ili Mwalimu achomeke kifuniko cha kopo halafu alizungushe kopo lenyewe kwa viganja viwili. Vingine vilifaa kweli, na kwa kile kitana Mwalimu alimshukuru mara mbili. Vingine vilikuwa balaa. Kijiko cha chai kilikuwa kinene kiasi kwamba ukikiacha kikombeni, kinaangusha kikombe na chai yake. Mwalimu alipotaka kulisema hilo, mumewe alikuwa ameshafika dirishani, futi mkononi, akipima kitasa. Binti yao alipiga simu, akamtania baba yake kwamba mwishowe atamtia mpini mama mwenyewe. Nyigu akajibu kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Asubuhi moja jicho lake likaangukia komeo la bafuni. Lilikuwa komeo dogo la chuma, jembamba kama msumari. Je, siku likigoma Mwalimu akiwa ndani peke yake? Hakumwambia mtu. Alichukua bisibisi, akaling'oa, akaziba matundu, akapiga na rangi juu yake, na kwa siku mbili tatu akawa na amani.

Jumamosi dada yake akaja kuwatembelea. Alipouliza bafuni akaonyeshwa, akausukuma mlango, akamkuta wifi yake katikati ya vita na blauzi: imemkwama kichwani, viwiko juu, tumbo wazi. Dada mtu alicheka, si kwa ubaya, kwa utani wao wa mawifi, akaishika blauzi akaivuta. Mwalimu alimshukuru. Alikaa naye, akazungumza naye vizuri, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi ndani alifunga mdomo, na kwa siku mbili Nyigu hakupata kwake hata salamu. Katika siku hizo mbili alitengeneza kigoda, rafu ya viatu na kigoda kingine.

Siku ya tatu Mwalimu alimfuata nyuma ya nyumba alipokuwa akipiga randa.

"Komeo langu liko wapi?"

Nyigu akaanza kumweleza hatari ya chuma kile, na jinsi alivyohofia.

"Sijakuuliza ulihofia nini. Nimekuuliza liko wapi."

"Nililitoa, mama. Ungekwama mle ndani, mimi ningefanyaje?"

"Ungenisubiri." Aliketi juu ya rundo la mbao, mikono mapajani. "Aliyesema mgonjwa haulizwi uji hakuwahi kuugua. Vinavyouma ni vidole, mume wangu. Aibu ninayo bado, tena nzima."

Nyigu aliitua randa.

"Sasa nikutengenezee nini?"

Katika miaka miwili ya mipini, hilo lilikuwa swali lake la kwanza. Mwalimu alimtazama kama alivyozoea kumtazama mwanafunzi aliyepata jibu bila kujua amelipataje.

"Kwanza ukae," akasema.

Kesho yake asubuhi Nyigu aliwekwa juu ya kigoda mlangoni mwa bafu, kwa sharti la kutogusa kitu. Miguu ilimwasha kama aliyekalia siafu. Aliona mambo ambayo hakuwahi kuyaona: kwamba mkewe husukuma vitu kwa ubavu wa kiganja, hubana taulo kwa kidevu, na kwamba dole gumba ndilo adui, kiganja hakina neno. Sabuni ilipomponyoka, Nyigu alinyanyuka nusu. Mwalimu akamgeukia. Akakaa.

Komeo jipya alilifanya la mbao, ubao mrefu kama rula unaoangukia kwenye pengo lake na kuinuliwa kwa mkono kutoka chini, bila kidole hata kimoja. La kwanza lilikuwa zito. La pili lilijifunga lenyewe likawafungia wote wawili nje. La tatu likakubali. Kwa nje waliacha ufa wa kupitisha kisu siku ya dharura. Hapo walibishana, na Mwalimu ndiye aliyelegeza.

Siku ya kwanza alijifungia humo muda mrefu. Nyigu alikwenda jikoni, akarudi, akakwenda tena, mwisho akashindwa, akauliza kama kuna usalama.

"Salama," sauti ilijibu. "Nenda kazini."

Alitoka amependeza, blauzi ameivaa ndani nje. Nyigu aliuma ulimi mpaka saa sita mchana, Mwalimu alipojiona mwenyewe kwenye kioo.

Habari zilienea. Dereva wa lori aliyestaafu, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja kuomba kijiko kama cha Mwalimu, na vifundo vyake vilikuwa kama tangawizi. Nyigu alikuwa ameshasimama na futi. Mwalimu akamwonyesha kiti, akavuta karatasi na kalamu yake nene, akamuuliza mgeni ni jambo gani linalomkera kuliko yote kwa siku nzima.

Dereva alifikiri. Mwishowe alisema kwamba kijiko si kitu sana. Kinachomkera ni kukatiwa mkate vipande vidogo mbele ya wajukuu.

Mwalimu aliandika, polepole, herufi kubwa kubwa. Chini ya meza mguu wa Nyigu ulikuwa ukienda kama cherehani. Bila kuinua kichwa, mkewe akamwekea mkono gotini. Mguu ukatulia kidogo, halafu ukaanza tena.