Kibuyu cha Mwenye Nyumba

Felisiani aliporudi Ganako kutoka nyumba ya kuachisha watu pombe, huko Arusha, mkewe Selina alimtazama kama mgeni. Amenenepa, mikono haitetemeki. Huko walimfundisha kwamba hamu ikimshika ainuke, aende mbali, anywe maji, ampigie mshauri wake, Vedasto. Alikuwa amefuzu vizuri sana. Ila huko hapakuwa na pombe ya kuikimbia.

Maharage yakakauka shambani. Kwao jirani haji kuvuna bila mtungi wa pombe, nawe ukishavuniwa unakwenda kuwavunia wote, nyumba kwa nyumba. Selina akaenda kwa jirani yao, Mzee Qamara, akamwambia safari hii atapika chai na maandazi.

"Chai?" mzee akacheka. "Mama, chai tunayo. Tuvunjike migongo kwa chai?"

Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka Ngorongoro. Selina akapika pombe.

Siku ya kung'oa, Felisiani alifanya kazi ya watu wawili. Harufu ilipomfikia, Selina alimwona akienda mpaka mwisho wa shamba, akinywa maji, akipiga simu. Akarudi akitikisa kichwa. Haikupokelewa.

Jioni wavunaji wakakaa uani. Felisiani akajisogeza zizini, eti anafunga ndama.

"Felisi!" Mzee Qamara akaita. "Kibuyu cha kwanza ni cha mwenye nyumba. Usipoonja, umetuwekea sumu?"

"Niliacha, mzee wangu."

"Nani kakwambia ulewe? Lowesha midomo tu."

"Nitaonja mimi, baba," Selina akasema.

"Wewe ulishaonja jikoni. Kaa, mama yangu."

Wakacheka, wala si kwa ubaya. Felisiani akakipokea kwa mikono miwili. Selina aliona koo lake likicheza mara moja. Halafu likacheza tena.

"Sasa huyo ndiye Felisi wetu!" Makofi.

Simu ikaita kwenye koti lake mlangoni. Selina akapokea.

"Naona alinitafuta," akasema Vedasto. "Yupo?"

"Yupo," akajibu.

Asubuhi maharage yote yalikuwa ndani, makavu, hata punje moja haikulowa. Felisiani, macho mekundu, alikuwa anavaa gambuti.

"Leo kwa Qamara," akasema bila kumtazama. "Walitusaidia. Tusiende?"

Selina akahesabu nyumba moyoni. Baada ya Qamara ilikuwa zamu ya jirani Marsela, na baada ya Marsela, mtaa mzima.