Kengele Iliyolia Kila Jumamosi

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la saba nikaingia ufundi, na daftari hili nililianza kwa sababu mwenye karakana alitugawia madaftari ya kazi na langu likabaki na kurasa. Huenda mambo mengine nimeyapanga vibaya. Lakini hili la kengele nalikumbuka sawasawa, kwa maana mimi ndiye niliyekosea, na kosa la mtu mwenyewe linakaa kichwani kuliko la jirani.

Ilikuwa miaka ile ya sukari. Ukisimama sokoni Khayega, ninakokaa, uliona mabati mapya kila upande, na Jumamosi moja ilikuwa na harusi tatu mpaka kwaya ikagawanyika. Trela za miwa zilipita mchana kutwa. Kiwanda kilikuwa kinapanuliwa, na wahandisi waliotoka ng'ambo kufunga mitambo hawakujengewa nyumba; waliletewa karavani, zile nyumba za bati zenye magurudumu. Zilikuwa sita, zimepangwa mstari mmoja nyuma ya mizani ya miwa, na majivu ya bomba la kiwanda yalizinyeshea kama pilipili manga.

Ndani ya karavani kila kitu kilitumia gesi, jiko, friji, hata maji ya kuoga. Na chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kulikuwa na kisanduku cheupe chenye taa ya kijani. Sisi tulikiita kengele. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni, ndiyo sababu kengele inakaa huko chini. Ikinusa gesi inalia mpaka meno yaume.

Sasa, kengele hizo zinazeeka. Ndani yake kuna kitu kidogo kama pua, na pua hiyo ikishatumika miaka yake inachoka. Ama hainusi tena, na hiyo ni hatari, ama inalia ovyo. Nyuma ya kila moja kuna mwaka wa kutengenezwa, na zile za kambi zilikuwa zimepita umri. Karakana yetu ya mjini Kakamega ikapewa kazi ya kuzibadilisha zote, na mimi, mtu wa majiko na friji, nikatumwa.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyoonyesha. Unafunga mtungi nje, unafungua skrubu mbili, unatoa waya nyekundu na nyeusi, unafunga mpya, unasubiri taa itulie. Halafu unachukua kibiriti cha gesi, hukiwashi, unaachilia tu pumzi kidogo karibu na kisanduku. Kikilia unakipepea kwa kofia, kinanyamaza, unakwenda nyumba inayofuata. Karavani tano nilizimaliza Jumatatu nikipiga mluzi.

Ya sita ilikuwa na maneno. Humo aliishi mhandisi mmoja kapera, mpole, asiyejua Kiswahili zaidi ya "chai" na "pole". Aliyempikia alikuwa mama mmoja mjane wa Iguhu, mtu wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, ambaye alilala kambini wiki nzima na kwenda kwake Jumamosi jioni. Kengele ya humo ilikuwa inalia kila Jumamosi, mchana, mpishi akiwa peke yake.

Msimamizi wa kambi alinieleza haya mbele ya mama mwenyewe, funguo zikining'inia kiunoni.

"Huyu mama anaachanga gesi wazi. Nimemwambia mara tatu."

"Sijaacha," mama akasema. "Mimi nimepikia watu kabla wewe uanze kuvaa hiyo tai."

"Kengele haina sababu ya kukusingizia."

"Na mimi je, niko na sababu ya kujilipua?"

Niwe wa haki: msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu sita wa kulinda na mitungi kumi na miwili ya gesi, na hakuna ambaye angemsamehe karavani ikiruka. Alisema ikilia tena, mama atafute kazi kwingine. Mama aliniambia tu mimi, kwa sauti ya chini, kwamba jiko lile ndilo linamsomesha msichana wake chuo cha kilimo pale Bukura, mwaka wa mwisho.

Jumanne nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, nikakaa nikiangalia kama kuna kiputo kinachovimba. Hakuna hata kimoja. Kwa hiyo nikasema, basi, kengele ndiyo imezeeka. Nikaibadilisha. Na hapo kwenye kadi ya kazi nikaandika maneno ambayo mpaka leo sijui niliyatoa wapi: "Bomba halivuji. Kengele imebadilishwa. Ikilia tena ni mkono wa mpishi." Pengine nilitaka kuonekana fundi mkubwa. Nafikiri ni hivyo. Msimamizi akaisoma, akatia sahihi, akaikunja mfukoni.

Nikiwa njiani kwa baiskeli moyo ukaanza kunisumbua. Ile kengele ya zamani, nilipoijaribu kwa kibiriti kabla ya kuitoa, ililia vizuri tu na kunyamaza vizuri tu. Pua iliyochoka haifanyi hivyo. Nikaipeleka nyumbani badala ya kuitupa, nikaifunga kwenye betri ya gari tuliyotumia kwa redio, nikaiweka sakafuni sebuleni niione tabia yake.

"Hiyo ni nini inatuangalia?" mke wangu akauliza.

"Inanusa gesi."

"Sisi tunapikanga na kuni."

"Ndiyo vizuri. Ikilia bure, nitajua ni nzee."

Jumatano haikulia. Alhamisi kimya, Ijumaa kimya, taa yake ya kijani inatuangalia tukila. Jumamosi alasiri dereva wa trekta akapita karakana na ujumbe wa msimamizi: kengele mpya ya karavani ya sita imelia saa saba, mama amepewa mpaka mwisho wa wiki ijayo, na ahsante fundi kwa kuandika wazi.

Sikula vizuri siku hiyo. Maana kengele mpya kulia hakukumponya mama, kulimmaliza. Ya zamani ungeisingizia uzee. Mpya ungeisingizia nini? Na kadi ilikuwa na mwandiko wangu.

Jumapili baada ya ibada alikuja shemeji, ndugu wa mke wangu. Shemeji aliokoka mwaka huo kwenye mkutano wa injili, akatoa ushuhuda kwamba busaa, ile pombe yetu ya nafaka, na yeye ni mbali, na tulimfurahia sana. Alikaa kwenye kigoda cha chini, akaiona taa ya kijani, akainama kuiangalia kwa karibu.

"Mulamwa, hii redio yako haina kisahani cha stesheni," akasema, yaani shemeji kwa lugha yetu.

Kengele ikalia.

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Shemeji alishaketi wima, mikono magotini, kama mtu aliye mbele ya chifu. Nikaipepea kwa kofia, ikanyamaza.

"Gesi imetoka wapi?" mke wangu akauliza.

"Hakuna gesi," nikasema.

"Nilikula ndizi mbivu," shemeji akasema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mke wangu aliangalia kengele, akaangalia kaka yake, akaangalia kengele tena.

"Shemeji," nikasema, "pumua tena hapo."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Kuna mama wa watu atafukuzwa kazi kwa sababu yangu. Pumua."

Nataka hili liandikwe kwa haki yake, naye mwenyewe aliniruhusu: shemeji angeweza kuchukua kofia yake aende. Hakwenda. Alipiga magoti kwenye sakafu yetu akiwa na suti ya kanisani, akapumua mara ya kwanza, ikalia. Akapumua mara ya pili, ikalia. Mara ya tatu mke wangu alisema inatosha, majirani watadhani tunachinja mbuzi.

"Ilikuwa kikombe kimoja," shemeji akasema akijifuta magoti. "Cha arusi."

"Arusi ya nani leo Jumapili?" dada yake akamuuliza, akarudi jikoni bila kungoja.

Hivyo ndivyo nilivyojua kitu ambacho hakuna aliyenifundisha: pua ile haijui gesi peke yake. Inajua pombe pia.

Usiku huo sikufurahi lakini. Nikajiambia, basi mama yule anapika pombe ndani ya karavani. Hata hapo nilikuwa nimekosea tena, na niliandika hivyo daftarini, mstari upo, sijaufuta.

Jumatatu asubuhi nikamkuta akisugua sufuria. Nilizunguka maneno kama mtu anayetafuta mahali pa kuegesha baiskeli. Mwishowe nikasema, "Mama, naomba usikasirike. Kuna kitu chochote kama busaa unaweka humu ndani?"

Aliweka sufuria chini polepole.

"Baba, mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kama umetumwa, rudi uwaambie umenikosa."

"Sijatumwa. Kuna kitu kinachachuka humu. Siku ya Jumamosi. Karibu na sakafu."

Akanitazama. Kisha akatazama kabati la chini, lile la kando ya friji, ambalo kengele ilikuwa chini ya mlango wake hasa. Akalifungua, na humo hakukuwa na kitu ila matone ya kahawia sakafuni.

"Molasi," akasema. "Ya ng'ombe."

Akanieleza. Kila Alhamisi kiwanda kiliwagawia wafanyakazi molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, kule Iguhu. Msichana wake alikuwa amefundishwa Bukura kwamba molasi ichanganywe na maji ndipo inyunyizwe kwenye majani ya ng'ombe. Kwake maji yanatoka mtoni, mlima mrefu, na kambini yako kwenye bomba. Kwa hiyo alikuwa akiichanganya hukohuko Alhamisi, anaijaza jerikeni, anaiweka kabatini mpaka Jumamosi.

"Kwa nini si nje?"

"Nje nyuki wananimalizanga."

Na kifuniko je? Alikilegeza, akasema, kwa sababu jerikeni ilikuwa inavimba tumbo.

Niliketi kwenye ngazi ya karavani nikacheka mpaka machozi. Molasi nzito inaweza kukaa mwaka na isiharibike. Ukiitia maji, ukaiweka siku mbili kando ya friji ya gesi, ambayo mgongo wake una joto la moto usiku na mchana, umetengeneza kiwanda chako cha pombe. Na hakuna aliyenusa, maana kambi nzima, nguo zetu, mkate wetu, nywele zetu, vyote vilinuka molasi. Ilikuwa ni kengele peke yake yenye pua isiyozoea.

Hatukungoja Jumamosi. Mama alikuwa amemwazima mpishi wa karavani ya pili jerikeni moja ya molasi iliyochanganywa tangu wiki iliyopita, naye aliiweka nje uvunguni; tukaichukua. Tukawaita msimamizi na mhandisi. Nikaiweka kabatini, kifuniko kimelegea, mlango umerudishwa. Dakika chache tu, kengele ikalia. Nikaitoa nje, nikapepea, ikanyamaza. Nikairudisha, ikalia; nikaitoa tena, ikanyamaza.

Mhandisi alielewa kabla sijamaliza kueleza kwa mikono. Alicheka akishika ukuta, akasema "pole" kwa mama mara nyingi, hilo neno moja alilokuwa nalo.

Msimamizi hakucheka. Aliinama kwa magoti kukagua, uso karibu kabisa na kisanduku, funguo zikigusa sakafu. Mimi na mama tulitazamana. Tukangoja.

Nasema haki: kengele haikulia.

Aliposimama alitoa kadi yangu mfukoni, akainyoosha, akanipa pamoja na kalamu yake.

"Haya, fundi. Wewe ndiye uliandika."

Nikafuta mstari wa mwisho. Mama akasimama begani kwangu akisoma kila herufi. Nikaandika: "Kengele ya zamani ilikuwa nzima ila umri. Kosa si la mpishi. Kosa ni la fundi."

"Ongeza ng'ombe," mama akasema.

"Ng'ombe hana kosa."

"Ongeza hivyo."

Nikaongeza. Msimamizi akatia sahihi chini yake, na nadhani, ingawa siapi, aliuma mdomo asicheke. Tangu hapo jerikeni ilipewa mahali pake chini ya mti nyuma ya karavani, imefunikwa gunia kwa ajili ya nyuki, molasi ikiwa nzito, maji yakingoja nyumbani. Mama alibaki kwenye jiko lile mpaka mhandisi akarudi kwao, na msichana wake alishamaliza Bukura kabla ya hapo.

Mwezi huohuo alitualika Iguhu, mimi na mke wangu, na shemeji akasema hawezi kuachwa, kwani bila pumzi yake hakuna ambacho kingejulikana. Mama alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wetu, ilikuwa nyingi kiasi kwamba tulifungua mikanda. Baadaye tukatoka kumwona ng'ombe. Alikuwa mweusi na mweupe, mnene, na ametugeuzia mgongo.

"Amenikasirikia," mama akasema. "Hii wiki ya pili. Naweka molasi mpya, tamu, anainusa anageuka. Anataka ile ya zamani."

Shemeji alisimama akimtazama ng'ombe kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mwambieni ataizoea," akasema. "Inachukua kama miezi mitatu."

Mke wangu alilazimika kushika ua la boma asianguke. Na chai tuliyokunywa jioni ile kabla ya kuondoka ilikuwa ya maziwa matupu, hakuna hata tone la maji.