Mtani Aliyemwacha Antoni

Mwaka mzima Roza alimwombea Vitus afya njema. Asiugue, asigongwe, asihame mji. Alimtaka mzima, juu ya pikipiki, awe mwenzake katika safari ya kutoka Mbeya hadi Iringa na kurudi bila kulala.

Roza ni Mhehe wa Tosamaganga, ila maisha yake yako Iyunga, anakobeba vifurushi kwa pikipiki tangu akiwa na miaka ishirini. Wateja humsifu kwamba hachelewi. Hawajui kwamba pia hasahau. Kuna mwalimu aliyemchapa darasa la nne kwa kosa la mwingine. Hadi leo Roza akimkuta njiani analowa mvua, humpungia mkono na kupita zake.

Safari ile huandaliwa na madereva wenyewe, na sharti lao kuu ni moja: mnakwenda wawili wawili, na mwenzako akisimama, nawe unasimama. Mwaka jana kaka yake Roza, Antoni, alipangwa na Vitus, Mngoni wa kijiwe cha jirani. Wakati wa kurudi, alfajiri karibu na Nyololo, Antoni aliteleza akaingia mtaroni. Wapakia mbao walimkuta jua limeshapanda, amekwisha kufa. Vitus alifika Mbeya peke yake, akalia mbele za watu, akasema ukungu ulikuwa mzito na alidhani mwenzake yuko mbele. Wakamwamini, maana ukungu wa kule nani asiyeujua?

Basi, siku ya mazishi. Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Vitus akaruka kaburini, akajilaza, akaiga sauti ya marehemu: "Mngoni, usiniache! Nitoe hii pikipiki mguuni!" Kisha akajijibu mwenyewe: "Lala, Mhehe, si mnapenda kulala!" Watu walicheka hadi machozi. Hata mama mzazi alicheka, kama inavyotakiwa.

Roza hakucheka. Wapakia mbao walikuwa wamemwambia yeye tu kwamba walimtoa Antoni chini ya pikipiki, mguu umebanwa. Vitus aliyajuaje hayo, kama si kwamba alisimama pale, akamsikia, akaondoka? Utani ulimnogea mpaka akajisahau. Lakini ungemshtaki wapi mtu kwa maneno ya utani? Wangekucheka na wewe.

Ndipo Roza alipopanga lake. Atapangwa na Vitus, na wakifika palepale Nyololo atamsukumia mtaroni na kuendelea na safari. Moyo wake haukumsuta hata kidogo. Aliyemsumbua ni mama.

"Kamwene, mwanangu," mama alimsalimu Kihehe kwenye simu, siku ya mwisho ya kujiandikisha. "Nasikia na wewe unataka kwenda. Nimezika mmoja. Unataka nizike na wa pili?"

"Sijaamua, mama."

"Basi amua nikiwa bado hai."

Roza alikata simu. Mara mbili aliwasha pikipiki kwenda kujiandikisha, mara mbili akageuza. Mara ya tatu hakugeuza.

Gereji ilikuwa imejaa madereva. Mzee Bartholomeo alikuwa mezani akiandika majina, na Vitus amesimama pembeni, bado hana mwenzake.

"Mzee, niandike mimi na mtani wangu," Roza alisema, kisha akapaza sauti akicheka. "Mwaka huu zamu yao! Tukifika Nyololo namlaza mtaroni, namlalisha pikipiki mguuni, namwambia lala, Mngoni! Akiniita sisikii, ukungu umeniziba masikio!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Vitus naye alipaswa kucheka, amrudishie Mhehe makombora yake. Badala yake jasho lilimtoka.

"Mimi sipangwi na huyu. Huyu ataniacha."

"Si anakutania tu?" Bartholomeo alisema.

"Hatanii!" Vitus alifoka. "Nyie hamjui. Huyu ameshajua yote!"

Kicheko kikakatika. Mzee Bartholomeo akaweka kalamu chini.

"Yote yapi, Vitus?"

Vitus alitazama nyuso zile moja moja, akachukua kofia yake ngumu na kutoka. Madereva walimpisha njia, na hakuna aliyemuaga.

"Nikupange na mwingine, binti?" Bartholomeo alimuuliza Roza kwa upole.

Roza alitikisa kichwa. Safari isiyo na Vitus ilikuwa uchovu mtupu. Raha ya kumwona akiumbuka ilikuwa tamu, lakini haikumshibisha; alijijua vizuri kwamba alikuwa akimtaka mtaroni.

Akampigia mama. "Siendi."

Mama alimshukuru Mungu kwa sauti, akasema alijua mwanaye ana moyo mzuri. Laiti Vitus angekubali, Roza angekwenda naye hadi Nyololo.